Jeraha Ndani ya Vazi: Jinsia na utoto uliovunjika katika manga ya Kijapani

Msomaji wa Fruits Basket hupita zaidi ya nusu ya kisa akiamini kwamba Akito, mkuu wa ukoo wa Sohma, ni mwanamume. Akito huvaa kiume. Hujitaja kwa neno “boku”, ambalo ni “mimi” ya wavulana katika Kijapani. Ukoo mzima humwogopa kama anavyoogopwa baba mkali ambaye hatua zake zikisikika tu ukumbini watoto hunyamaza. Kisha, hadithi ikielekea ukingoni, pazia linavutwa: Akito alizaliwa msichana, na mama yake mzazi ndiye aliyeshikilia kwamba mtoto huyo alelewe kama mvulana.

Mtu akiamua kuifasiri manga hii kwa Kiswahili atapata nafuu ambayo mfasiri wa Kiingereza hakuipata. Kiambishi “a-” hakimuulizi mtu jinsia yake. “Akito amekasirika”, “Akito amemfungia Yuki gizani”: siri inabaki siri bila mfasiri kusema uongo. Wa Kiingereza alibanwa na sarufi tangu mwanzo achague kiwakilishi cha kiume au cha kike. Akachagua cha kiume, na hivyo naye akaingia katika njama ya ukoo.

Lugha yetu basi inaweza kumwacha Akito atembee kurasa nyingi bila kubandikwa jina. Lakini utamaduni wetu una methali inayodai jibu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kama ni kweli, Akito aliyelelewa kiume angekuwa mwanamume, na mtoto anayekataa jinsia aliyoandikiwa angekuwa tunda la malezi yaliyokwenda mrama. Manga ya Japani imelizunguka swali hili kwa zaidi ya miaka 70. Je, jeraha la utotoni ndilo linalozaa utata wa jinsia, au utata wa jinsia ndio unaomletea mtoto jeraha kutoka kwa wanaomzunguka? Majibu ni mawili, tena yanapingana. Anayeyachanganya humchukua mtoto aliyelazimishwa akamfanya ufunguo wa kumsoma mtoto aliyejitambua mwenyewe.

Moyo wa buluu, moyo wa waridi

Osamu Tezuka, ambaye Wajapani wengi humwona kama baba wa manga ya kisasa, alikulia Takarazuka, mji wa mkoa wa Hyogo. Mji huo una kundi la maigizo ambalo, tangu onyesho lake la kwanza mwaka 1914, waigizaji wake wote ni wanawake, hata wanaoigiza wanaume. Mama yake alikuwa akimpeleka ukumbini. Mwaka 1953 alianza kuchapisha Ribon no Kishi, yaani “Shujaa wa Utepe”, katika jarida la wasichana la Shojo Club, na harufu ya jukwaa lile imejaa humo.

Binti mfalme Sapphire anazaliwa na mioyo miwili, wa buluu wa kiume na wa waridi wa kike, kwa utundu wa malaika mdogo aitwaye Tink. Sheria ya nchi yao inamnyima mwanamke kiti cha enzi, na Duke Duralumin anakimezea mate kiti hicho kwa ajili ya mwanawe. Basi Sapphire anatangazwa kuwa mvulana. Hadharani anashika upanga. Akipata upenyo anavaa gauni.

Katika kisa hiki hakuna jeraha la moyoni. Kuna hatari, kuna kufukuzana, kuna siri ya kulindwa, lakini Sapphire hakai usiku akijiuliza yeye ni nani. Tatizo liko nje yake, katika sheria ya urithi. Hata hivyo Tezuka aliacha mbegu mbili ambazo wote waliomfuata walizimwagilia maji. Ya kwanza ni kwamba jinsia ya mtoto inaweza kuamuliwa na mzazi kwa maslahi ya ukoo. Ya pili ni kwamba ndani ya kifua cha mtoto kunaweza kuwa na moyo ambao hakuna aliyeuagiza.

Mtoto wa jenerali

Mwaka 1972 Riyoko Ikeda alianza Berusaiyu no Bara, “Waridi la Versailles”, katika jarida la Margaret. Jenerali de Jarjayes wa Ufaransa amepata mabinti watupu. Anapozaliwa mwingine tena, anamwita Oscar, jina la kiume, na kumlea kwa upanga na farasi ili aje kuwa ofisa wa kikosi kinachomlinda Malkia Marie Antoinette. Kijuujuu ni hadithi ya Sapphire iliyohamishiwa kwenye historia: mzazi anaamua, mtoto anatii, na sababu ni cheo cha ukoo.

Tofauti ni kwamba Ikeda alimruhusu Oscar akue na kufikiri. Amri ya baba inamgharimu. Anampenda Fersen, ambaye moyo wake uko kwa Malkia, na mara moja tu anavaa gauni ili acheze naye dansi bila kujulikana. Baadaye baba anajuta, anataka kumwoza ili aonje maisha ya mwanamke. Hapo msomaji angetarajia Oscar ashukuru kwa kufunguliwa minyororo. Hashukuru. Anachomshukuru baba ni malezi yale yale ya kiume, yaliyompa dunia pana kuliko wanayopewa wanawake wengi. Amri iliyotolewa bila ridhaa yake ameifanya mali yake. Oscar anakufa tarehe 14 Julai 1789 akiwa kamanda upande wa wananchi wanaoishambulia Bastille, ndani ya sare yake.

Je, Oscar ni mtoto aliyejeruhiwa? Tukipima kwa vipimo vya leo, mzazi anayefuta jinsia ya mtoto tangu siku ya kuzaliwa amemkosea. Lakini Ikeda hakumchora Oscar kama mgonjwa anayengoja tiba. Wasichana wa Kijapani waliomsoma walikuwa wakikulia katika jamii iliyowatarajia kuolewa mapema na kukaa nyumbani, na waliiona sare ya Oscar kama mlango. Mwaka 1974 kundi la Takarazuka lilipanda na kisa hicho jukwaani na kupata mafanikio makubwa. Mwanamke akaigiza mwanamke aliyelelewa kiume, mbele ya ukumbi uliojaa wanawake.

Jeraha linaingia ndani

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 kizazi cha wanawake wachoraji kiligeuza manga ya wasichana ikawa mahali pa kuchungulia undani wa mtu. Mwaka 1974 Moto Hagio alichapisha Toma no Shinzo, “Moyo wa Thomas”, inayotokea katika shule ya bweni ya wavulana nchini Ujerumani. Juli, mwanafunzi wa mfano, amejifungia moyo wake kwa sababu aliteswa na mwanafunzi mkubwa, na anaamini kwamba yaliyompata yamemnyang’anya haki ya kupendwa. Hagio alichora wavulana kwa ajili ya wasomaji wasichana, na umbali huo ulikuwa na kazi yake. Msichana angeweza kuutazama unyanyasaji uso kwa uso bila kuuona mwili wa msichana mwenzake ukiumizwa. Hapa jinsia ni barakoa anayovaa mwandishi pamoja na msomaji, ili jeraha liweze kutamkika.

Miaka minne baadaye, Ikeda alirudi kwenye suala lile aliloliacha kwa Oscar, safari hii bila kisingizio cha amri ya baba. Katika kisa kifupi cha Claudine cha mwaka 1978, mama anampeleka mtoto kwa daktari wa akili kwa kuwa mtoto anasisitiza kwamba yeye ni mvulana. Hakuna kiti cha enzi wala jenerali asiye na mrithi. Mtoto anasema tu anavyojijua. Anakua, anapenda, anakataliwa, na mwisho wake ni kifo. Daktari anayesimulia ndiye anayebaki na mzigo wa kukiri kwamba Claudine alikuwa mwanamume kweli, mwili tu ndio uliomkosea. Kwa mwaka ule lilikuwa jambo zito: mwandishi wa manga ya wasichana alimtoa lawamani mtoto pamoja na malezi yake, akaielekeza lawama kwa ulimwengu usio na nafasi kwa mtu kama huyo. Lakini bado hakuweza kumpa mhusika wake maisha, na desturi hiyo ya kumzika mtu wa namna hii mwishoni mwa kitabu ingedumu.

Kicheko nacho kilichangia. Rumiko Takahashi, katika Ranma ½ iliyoanza mwaka 1987, alimtumbukiza Ranma, kijana mpiganaji, katika chemchemi iliyolaaniwa, na tangu hapo maji baridi humgeuza msichana na maji moto humrudisha. Watu walicheka kwa miaka tisa. Lakini tukimtazama baba yake, Genma, alimwondoa mtoto kwa mama kwa kiapo kwamba atamfanya mwanamume wa wanaume, la sivyo wote wawili watalipa kwa uhai wao. Katika mafunzo akamtupa katika shimo lililojaa paka wenye njaa, na hadi leo Ranma akiona paka huishiwa nguvu. Hata ndani ya vichekesho, uanaume wa mtoto ni deni alilokopa mzazi, na anayelilipa kwa kiwewe ni mtoto.

Sanduku tupu la Akito

Januari 1995 tetemeko la ardhi liliuharibu mji wa Kobe na maeneo jirani. Machi mwaka huo huo watu wa madhehebu ya Aum Shinrikyo walimwaga gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi jijini Tokyo. Baada ya majanga hayo maneno “kokoro no kea”, matunzo ya moyo, yaliingia katika mazungumzo ya kawaida ya Wajapani. Watu walianza kusema wazi kwamba jambo lililopita linaweza kuendelea kumla mtu ndani kwa ndani kama donda ndugu. Mwaka 2000 Bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto. Manga iliyoandikwa katika kipindi hicho ilibeba msamiati huo mpya. Katika Monster ya Naoki Urasawa, mapacha Johan na Anna walivalishwa nguo za kufanana, na siku mama alipolazimishwa kumtoa mmoja, Johan alibaki hajui kama mama alimchagua au alimkosea na mwenzake. Ukubwani, akivaa mavazi ya dada yake, hatafuti jinsia. Anatafuta jina.

Natsuki Takaya alianza Fruits Basket mwaka 1998 katika jarida la Hana to Yume na kuimaliza mwaka 2006 kwa juzuu 23. Jina lenyewe linatoka katika mchezo wa watoto ambao kila mmoja hupewa jina la tunda na kungoja aitwe. Tohru Honda, msichana yatima anayebeba kisa hiki, akiwa mdogo alipewa na wenzake jina la “onigiri”, donge la wali. Donge la wali si tunda, hivyo hakuitwa kamwe. Katika picha chache Takaya anatuonyesha jeraha la utotoni lilivyo: si lazima liwe kipigo, linaweza kuwa kukaa katika duara ukingoja jina ambalo halitatajwa.

Ukoo wa Sohma una laana. Watu 12 wamebeba roho za wanyama wa kalenda ya Kichina, wa 13 amebeba paka, na wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine hugeuka wanyama. Akito ndiye “mungu” wao. Baba yake, Akira, alimwambia kwamba amezaliwa ili apendwe, kisha akafariki Akito angali mdogo. Mama yake, Ren, alimwonea wivu mtoto wa tumboni mwake mwenyewe, akihofia msichana atamnyang’anya mapenzi ya mume. Sharti lake likawa hilo: alelewe kama mwanamume. Kwa hiyo uanaume wa Akito haukutokana na urithi wala vita. Ulitokana na mwanamke mzima kumwogopa mtoto mchanga.

Matokeo yake kwa watu wa ukoo Takaya hayafichi. Akito alimfungia Yuki katika chumba cha giza akiwa mtoto, akaliharibu jicho la Hatori alipoomba ruhusa ya kuoa, akamsukuma Rin kutoka dirishani. Wanaoumia zaidi ni wanawake, au wanaume wanaothubutu kupenda wanawake, kwani Akito alifundishwa kwamba mwanamke ndiye mwizi wa mapenzi. Katikati ya ugomvi wake na Ren kuna sanduku linalosemwa kuwa marehemu Akira aliliacha na limebeba kitu chake. Mama na mtoto wanaligombea kama watu wanaogombea pumzi. Linapofunguliwa ni tupu. Sijui picha nyingine katika manga inayoeleza vizuri zaidi jinsi kiwewe kinavyorithishwa: kizazi kimoja kinakikabidhi kingine chombo kilichofungwa, na wote wanapigana kwa ajili ya kisichokuwamo.

Laana inapokatika, Akito anajitokeza mbele ya ukoo akiwa amevaa kimono cha kike. Kwa Akito mwenyewe kitendo hicho kina mantiki. Vazi la kiume alivishwa kwa nguvu. Kulivua ni kuirudisha ngozi yake. Shida inaanza tunapowaangalia wahusika wawili waliosimama pembeni.

Ritsu Sohma, mwenye roho ya nyani, huvaa mavazi ya kike. Alikua akiwatazama wazazi wakiomba radhi kila mahali kwa sababu yake, na anasema mavazi hayo humtuliza anapozidiwa na woga. Mwishoni, akishapata kujiamini, anakata nywele na kuvaa kiume. Momiji naye anaanza sekondari akivaa sare yenye umbo la kike kwa sababu inampendeza. Huyu ni mtoto ambaye mama yake alichagua kufutiwa kumbukumbu ya kumzaa. Akirefuka na kukomaa, sare ile inatoweka.

Tukiwaweka watatu hao pamoja, muundo unajitokeza. Katika Fruits Basket kila vazi linalovuka mpaka wa jinsia limefunika kidonda, na kila kidonda kikipona vazi linarudi upande unaotarajiwa na jamii. Takaya ni mmoja wa waandishi waliozielewa sana fedheha za utotoni, lakini jicho lake la daktari lilimponza. Alimpima Ritsu kwa joto la Akito. Akito alilazimishwa, Ritsu alijichagulia. Kuwaponya wote wawili kwa dawa moja ni kusema kwamba mwanamume mwenye amani moyoni hana sababu ya kuvaa kimono cha kike.

Mfalme aliyeitwa shetani

Aya Kanno aliichukua njia hiyo hiyo ya kuunganisha jinsia na jeraha akaifikisha penye miiba. Bara-Ou no Souretsu, “Mazishi ya Mfalme wa Waridi”, iliyochapishwa kati ya 2013 na 2022 katika jarida la Princess, inatokana na tamthilia za Shakespeare kuhusu Henry wa Sita na Richard wa Tatu. Richard wa Shakespeare ana kibyongo. Richard wa Kanno ni huntha: mwili wake una alama za kike na za kiume. Mama yake, Cecily, anamwita shetani na angali mtoto anamtelekeza msituni. Kinachomfuata katika ndoto na mazingaombwe ni kivuli cha Jeanne d’Arc, mwanamke aliyechomwa moto akiwa na kesi ya kuvaa kiume miongoni mwa mashtaka yake.

Kuna hatari katika ubadilishaji huo. Kibyongo katika tamthilia kilikuwa alama ya uovu. Kukiondoa na kuweka uhuntha mahali pake kungeweza kuonekana kama kuupachika uovu kwenye mwili wa huntha. Kanno anaikwepa hatari hiyo kwa kutuonyesha ulimi wa mama kabla ya upanga wa mwana. Richard hakuzaliwa akijichukia. Neno “shetani” alilisikia kwanza kwa aliyemzaa, na baba aliyempenda aliuawa kabla upendo wake haujatosha kulifuta. Mwili haukuwa jeraha. Jeraha ni jina ambalo mwili huo ulipewa, na hapa ndipo manga inapoanza kugeuza uso kutoka jibu la kwanza kwenda la pili.

Nyumba isiyo na mkosaji

Jibu la pili lilikwisha kuandikwa, tena kwa sauti ya chini kabisa. Hourou Musuko, “Mwana Mzururaji”, ya Takako Shimura ilitoka katika jarida la Comic Beam kuanzia 2002 hadi 2013, juzuu 15. Shuichi Nitori, aliyeandikwa mvulana, anaingia shule mpya katika darasa la tano na kukutana na Yoshino Takatsuki, aliyeandikwa msichana. Nitori anataka kuwa msichana. Takatsuki anataka kuwa mvulana. Wanaaminiana.

Msomaji aliyezoea akina Akito hufungua kitabu hiki akimsaka mkosaji. Yuko wapi Ren? Yuko wapi jenerali? Hawapo. Nitori ana wazazi wa kawaida, chakula mezani, na dada mkubwa mwenye mdomo mkali kama madada wengi. Hakuna laana, chumba cha giza wala sanduku. Shimura anatunyima kwa makusudi ile sababu tunayoitamani, na kwa kutunyima anatulazimisha tujiulize kwa nini tuliitamani. Hakuna anayemuuliza mvulana anayefurahia kuwa mvulana ni jambo gani lililompata utotoni hata akawa hivyo.

Jeraha lipo, ila linakuja baadaye na kutoka upande mwingine. Sauti inaanza kukwaruza, chunusi zinatokea, mwili unakwenda unakotaka. Wakiwa shule ya msingi darasa lao linaigiza Waridi la Versailles, wavulana wakichukua nafasi za kike na wasichana za kiume, na watu wanafurahi. Jukwaani mpaka una ruhusa, kama ulivyokuwa na ruhusa Takarazuka. Sekondari mambo yanageuka. Chizuru, msichana mmoja mchangamfu, anafika shuleni na sare ya wavulana, wenzake wanamwona ana mbwembwe. Takatsuki naye anaivaa, dunia haianguki. Siku Nitori anapoingia langoni na sare ya wasichana anapelekwa chumba cha huduma ya kwanza, mzazi anaitwa, na miezi ya kejeli inafuata. Sare ni zile zile na shule ni ile ile. Msichana anayepanda kuelekea uanaume anavumiliwa; mvulana anayeshuka kuelekea uanamke anaadhibiwa, kwa kuwa jamii imekwisha kuamua upande upi ni juu na upi ni chini. Oscar alishangiliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Shimura hakuwapa wawili hao mwisho mmoja. Takatsuki, kadiri miaka inavyosonga, shauku yake ya kuwa mvulana inalegea. Ya Nitori inazidi kukaza. Mwandishi hasemi wa kwanza alijidanganya wala wa pili ameugua. Anawaacha wakue, na mtoto kukua maana yake ni kwamba swali moja linaweza kupata majibu mawili yote ya kweli.

Nje ya karatasi, Japani ilikuwa katikati ya mjadala huo. Mwaka 2003 ilipitishwa sheria ya kumruhusu mtu kubadili jinsia katika daftari la familia, ikaanza kutumika mwaka 2004 kwa masharti makali, likiwemo la kuondolewa uwezo wa kuzaa. Tarehe 25 Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na katiba. Kabla ya hapo, Mei 2019, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepitisha orodha mpya ya magonjwa iliyoiondoa hali ya mtu kujitambua tofauti na jinsia aliyoandikiwa katika sura ya maradhi ya akili. Shimura alikuwa amekwisha kusimama upande huo kwa penseli tangu 2002.

Wanapochora waliomo

Zaidi ya muongo mmoja baadaye kalamu ikaanza kushikwa na waliokuwa wakichorwa. Yuhki Kamatani, anayejitambulisha hadharani kama mtu asiye mwanamume wala mwanamke, alichapisha Shimanami Tasogare kati ya 2015 na 2018. Inatokea Onomichi, mji wa bandari wenye vilima katika mkoa wa Hiroshima. Ndani yake yumo Misora, mtoto wa darasa la sita anayevaa kike kwa siri na bado hajui ajiite nani. Tasuku, kijana anayempenda kama mdogo wake, anamhimiza atoke na yukata, kimono chepesi, kwenye tamasha la kiangazi. Huko Misora anashikwashikwa na mtu, na anarudi akiwa na hasira na Tasuku kuliko na mtu yule. Hapa Kamatani anagusa mahali ambapo wengine hawakufika: mwenye nia njema naye hujeruhi anapomharakisha mtoto kujitangaza kabla ya wakati wake.

Mwaka 2020 Keito Gaku, mwanamume aliyeandikwa msichana alipozaliwa, alianza Boys Run the Riot katika jarida la Young Magazine. Ryo, mhusika wake, anakwenda shule na nguo za michezo ili akwepe sare ya kike, kisha anakutana na Jin na wanaanzisha chapa yao ya mavazi. Maumivu hayakosekani, lakini mbele yao kuna vitambaa, wino, mauzo na wenzao wa kazi. Baada ya Claudine, hatimaye mtoto wa namna hii amepewa kesho.

Vazi linapobaki

Ipo njia rahisi ya kuzitenganisha hadithi hizi zote. Mwache mhusika apone, kisha tazama vazi lake. Oscar anasamehe amri ya baba na bado anakufa ndani ya sare. Aliyoamriwa yamekuwa yake. Akito anapona na kulivua. Halikuwa lake tangu mwanzo. Nitori hana laana ya kukatwa, na gauni linabaki. Anayeshindwa kipimo hiki ni Ritsu, na kosa ni la mwandishi aliyemvua alichojichagulia na kutuambia kwamba huko ndiko kupona.

Ile methali basi imekosea? Ren alimlea Akito kiume kwa miaka, kwa kimono cha kiume, kwa “boku”, kwa kuwanyamazisha watumishi, na hakumpata mwanamume. Wazazi wa Nitori walilea mtoto wa kiume kwa nia safi na hawakumpata pia. Lakini mkono wa malezi unaonekana wazi kwa wote wawili. Akito alilelewa katika hofu akakua mwoga, na mwoga mwenye madaraka ndiye huyo anayesukuma watu kutoka madirishani. Nitori alilelewa katika nyumba isiyomwelewa lakini isiyomtupa, akakua mtu anayeweza kusimama langoni pa shule na kupokea kejeli bila kuipitisha kwa mwingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwa maana ya moyo atakaokuwa nao juu ya binadamu wenzake. Jinsia yake haikuwa katika orodha ya vitu alivyokabidhiwa mzazi.

Mwisho wa kisa chake Nitori anakaa chini na kuanza kuyaandika maisha yake. Akito alirithishwa sanduku, akalipigania nusu ya umri wake, na ndani hamkuwa na kitu. Nitori alianza na kurasa tupu, akazijaza kwa mkono wake mwenyewe.